Kichwa cha treni kilichorudishwa kwao

Chukua orodha ya vichwa vya treni aina ya Class 70 vya Freightliner, kampuni ya mizigo ya Uingereza, uipitie kwa kidole. Unakwenda vizuri tu: 70009, 70010, 70011. Halafu 70013. Mara ya kwanza nilirudi juu nikahesabu upya, nikidhani macho yananichezea. Ingekuwa kumi na tatu ndiyo iliyorukwa ningesema ni ile nuksi yao Wazungu. Lakini kumi na tatu ipo. Kumi na mbili ndiyo haipo.

Namba hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kichwa kilitengenezwa, kikapewa namba, kikapakiwa melini, kikavuka Atlantiki salama salimini. Tarehe 5 Januari 2011, katika bandari ya Newport kusini mwa Wales, kreni ilikuwa inakitoa ngamani, sehemu ya vifaa vya kunyanyulia ikashindwa, na mashine nzima ikarudi tumboni mwa meli ilikotoka. Bahari yote ile, tena ya majira ya baridi, haikukifanya kitu. Kilichokiharibu ni zile mita chache kati ya meli na gati.

Sina udugu na reli. Nimeshikwa na habari hii kwa sababu ya ukarani wa shehena nilioufanya miaka miwili nikiwa kijana: kusimama gatini na ubao wa karatasi, kuhesabu vinavyotoka melini, kuandika kilichopasuka na kilicholowa. Karani wa shehena hainui kitu, wala haendeshi kitu. Anaandika tu. Lakini akiandika "kimeharibika" kuna mtu mahali fulani atalipa, na asipoandika atalipa mwingine. Kwa hiyo nilijifunza mapema kuogopa kile kipande cha safari ambacho mzigo hauko melini wala hauko nchi kavu.

Foromani wetu alikuwa mzee wa maneno machache. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama pasipostahili, nikaanza, "Shikamoo mzee," naye kabla ya kuitikia akanivuta mkono hatua tano. "Marahaba. Kijana, kitu kikining'inia hakina mwenyewe. Usikae chini yake, hata kama ni godoro."

Tukirudi kwa 70012: hicho hakikuwa godoro. Freightliner walitangaza mwezi Novemba 2007 kwamba wanaagiza vichwa 30 vipya kutoka kwa General Electric (GE) ya Marekani, vitengenezwe katika kiwanda cha Erie, Pennsylvania. Vikaitwa PowerHaul. Kila kimoja kina injini ya dizeli ya silinda 16 yenye nguvu farasi 3,700, ekseli sita, na kila ekseli ina mota yake ya umeme. Uzito wake ni tani 129. Viwili vya mwanzo vilishushwa hapohapo Newport mwezi Novemba 2009 bila matata, na vingine vikafuata kwa mafungu.

Vilikuwa vichwa vya kushonewa, si vya kununua dukani. Madaraja na mahandaki ya reli za Uingereza yalijengwa zamani na ni membamba, kwa hiyo kichwa cha kawaida cha Kimarekani hakipenyi. GE walilazimika kubana kila kitu ndani ya umbo jembamba, na matokeo yake ni sura ambayo wapenzi wa treni wa huko waliicheka waziwazi. Mimi naiona kama sura ya mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Kumbuka huo ushonaji, maana ndio uliokuja kukiponza kichwa baada ya ajali.

Zamani jambo hili lisingetokea hivi. Vichwa vya treni vilivuka bahari vikiwa vimefunguliwa: boila la mvuke kivyake, magurudumu kivyake, fremu kivyake, kisha mafundi wanakwenda kuviunga huko viendako. Ilichukua muda, lakini hakuna kipande kilichokuwa na uzito wa kutisha. Katika miaka ya 1920 Mnorwei mmoja, Christen Smith, akaanzisha biashara ya meli zenye matundu mapana na winchi za nguvu zilizoweza kubeba vichwa vikiwa vizima, tayari kushuka na kutembea. Wenye reli walifurahi, na walikuwa na haki. Ila tangu hapo uzito wote ukawa unategemea waya na pini chache kwa wakati mmoja.

Hebu tuangalie hizo waya, maana watu wengi wakisikia "kamba ilikatika" hudhani kamba ilikuwa mbovu. Huenda ikawa. Lakini kuna hesabu ambayo haina huruma hata kwa waya mpya. Tani 129 zikining'inia kwa waya mbili zilizosimama wima, kila waya unabeba 64.5. Ukizilaza kidogo, zikafanya pembe ya digrii 60 na mzigo, kila mmoja sasa unavutwa kwa tani 74 na nusu. Zilaze hadi digrii 30, kila mmoja unabeba tani 129, yaani uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Ndiyo maana juu ya mzigo kama huu huwekwa boriti ya chuma ya kuzitanua waya zishuke wima.

Halafu kuna udanganyifu wa waya nne. Ukiona mzigo umeshikwa pembe zote nne unasema moyoni, kila pembe ina robo yake. Kitu kigumu kama fremu ya chuma hakiko hivyo. Waya mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole, unalegea, na wawili walio mkabala wanabeba karibu kila kitu. Wanyanyuaji wenye uzoefu hawahesabu nne. Wanahesabu mbili, na nyingine wanaziona kama baraka. Mmoja katika wale wanaobeba ukienda, waliobaki hawapokei mzigo polepole, wanaupokea kwa mshtuko, na mzigo wenyewe tayari umeanza kubembea.

Kuhusu Newport, kichwa kilianguka mita kadhaa. Tuchukue nne kwa ajili ya hesabu. Kitu chochote kikianguka mita nne kinafika chini kikiwa na mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa. Si mwendo wa kutisha, baiskeli inaweza. Lakini zikiwa tani 129, ni sawa na kukiendesha kichwa hicho kwa kilomita 32 kwa saa na kukigongesha ukutani, isipokuwa hapa ukuta uko chini ya magurudumu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Kichwa cha treni kinajengwa kwa ajili ya kuvutwa na kusukumwa. Uti wa mgongo wake ni ile fremu ndefu ya chuma iliyochomelewa, na waliouchora walijua itagongwa mbele na nyuma: mabehewa yanakuja kwa nguvu, breki zinafungwa ghafla, tani elfu na zaidi zinavuta ndoano. Kwa urefu wake fremu hiyo ni ngumu ajabu. Kwa kimo chake, imezoea kukalia bogi mbili, yaani yale mafungu mawili ya magurudumu, uzito ukishuka taratibu kupitia springi. Kitu ambacho haikuandaliwa nacho ni kutupwa juu ya kona moja na kusokotwa. Ikisokotwa kidogo tu, hairudi.

Na kila kitu kimefungwa juu yake. Injini na jenereta yake zimepangwa zizunguke katika mstari mmoja. Fremu ikipinda, mstari huo unapinda nao, na krankishafti, mhimili mkuu wa injini, inayotakiwa kuzunguka mamia ya mara kwa dakika inaanza kuzunguka ikijikunja. Unaweza kuiwasha. Itanguruma, itatoa moshi, utasema imepona. Siku ambayo itakatika huijui, na siku hiyo itakuwa mbele ya mabehewa ishirini ya makontena.

Beringi nazo zina siri yao. Ndani ya beringi kuna vyuma vya mviringo vinavyotembea juu ya njia laini kama kioo. Gurudumu likipata kishindo likiwa limesimama, kila chuma kinabonyeza njia yake na kuacha kidimbwi kidogo, wakati mwingine kidogo hata jicho halikioni. Hakuna kilichovunjika. Lakini kuanzia hapo kila mzunguko unapita juu ya vidimbwi vile, tak, tak, tak, mpaka joto linapanda. Kwa mashine inayoruhusiwa kwenda maili 75 kwa saa, hilo si jambo la kusema tutaliona mbele ya safari.

Niliwahi kuona kitu cha namna hii kwa macho yangu, kwa kipimo kidogo. Ilikuwa transfoma ndani ya kasha la mbao, tani kumi na kitu. Kreni iliinua vizuri, ikageuka vizuri, na wakati wa kuteremsha juu ya lori slingi moja, ile kamba ya kunyanyulia, ikateleza kwenye kona ya kasha. Lilianguka futi moja, labda chini ya hapo. Mlio wake haukuwa mkubwa hata kidogo. Ulikuwa kama mtu amefunga mlango wa chumba cha jirani. Matairi ya lori yakabonyea, yakarudi. Wote tukacheka ile cheko ya kutoa hofu.

Mzee foromani hakucheka. Alipanda juu ya lori, akainama ubavuni mwa kasha, akaniita kwa kidole. Palikuwa na kibandiko kidogo, ukubwa wa kiberiti, na katikati yake kijibomba cha kioo. Asubuhi nilipoandika namba ya kasha lile kijibomba kilikuwa cheupe. Sasa kilikuwa chekundu kama damu ya kuku. Vibandiko vile hugeuka rangi vikipata mshtuko uliozidi kipimo, na havirudi tena. "Andika," akaniambia. Nikamuuliza niandike nini na mbao haina hata mkwaruzo. "Andika rangi."

Niliandika rangi. Transfoma ile ilikaa gatini wiki nyingi. Fundi wa mwenye mzigo alikuja na vipimo, akafungua kasha, akatazama, akapima, na mwisho wa yote akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sijaona kosa, lakini siweki sahihi." Ikapandishwa meli nyingine ikarudi ilikotoka.

Kwa hiyo niliposoma kwamba 70012 nacho kilirudishwa Pennsylvania kwa ajili ya tathmini, nilijiona niko tena pale juu ya lori. Watu huuliza kwa nini kisinyooshwe hukohuko Uingereza, nchi iliyojenga vichwa vya treni kabla ya mtu yeyote. Kunyoosha chuma kunawezekana karibu popote. Lakini fremu ya namna hiyo huchomelewa juu ya kitanda maalumu cha chuma kiwandani, na ili kujua imepinda kwa kiasi gani ni lazima uivue kila kitu, injini, jenereta, tangi, nyaya, kibanda cha dereva, kisha uirudishe juu ya kitanda hicho. Baada ya hapo upitie kila mshono kwa unga wa chuma na sumaku, kwa mawimbi ya sauti, ukitafuta ufa usioonekana. Ukimaliza umeshajenga kichwa kingine, ila hiki kina fremu yenye historia. Na yule anayetakiwa kusema kwamba kiko sawa na wenzake ni yule aliyekishona.

Fedha zake ni mkasa wa peke yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukarani haujanitoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1936 kuhusu usafirishaji wa mizigo kwa bahari inaweka ukomo wa anachodaiwa mwenye meli: dola 500 kwa kila kifurushi, au kwa kila kipimo kinachotumika kukokotoa nauli kama mzigo hauna kifurushi. Dola mia tano. Nchi zinazofuata kanuni za Hague-Visby zina ukarimu zaidi: uniti 666.67 za SDR, kile kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kifurushi, au SDR 2 kwa kila kilo, kile kitakachozidi. Kwa kilo 129,000 unapata SDR 258,000, na bado hujakaribia gharama ya kichwa kipya. Mwenye mzigo anaweza kutangaza thamani yote kabla ya safari, na nauli ikapanda ipasavyo, au akategemea bima yake. Hapo ndipo mabingwa wa bima wanapokaa na kuuliza swali moja kavu: kutengeneza kunazidi thamani ya kitu kikishatengenezwa? Kukizidi, kitu kinahesabiwa kimekufa hata kama kimesimama kwa magurudumu yake mbele yako.

Na tarehe yenyewe ina kichekesho. Toleo jipya la Incoterms, yale masharti ya biashara yanayosema hasara inahama lini kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, lilianza kutumika 1 Januari 2011, siku nne kabla ya ajali. Katika masharti ya zamani kama FOB, ambayo muuzaji kazi yake ni kufikisha mzigo melini tu, pale bandari ya kupakilia mpaka ulikuwa ukingo wa meli: mzigo ukiuvuka ukiwa hewani, hasara inabadilisha mkono. Wanafunzi wa sheria wamecheza na picha hiyo miaka mingi, mzigo unaobembea juu ya ukingo, sasa ni wa huyu, sasa ni wa yule. Toleo jipya likaufuta ukingo na kutaka mzigo uwe umewekwa ndani ya meli. Mzee wangu wa gatini, ambaye hakuwahi kusoma Incoterms, alikuwa ameshasema yake: kitu kikining'inia hakina mwenyewe.

Freightliner hawakurudishiwa 70012. Walibaki na vichwa 19 vya aina hiyo, 70001 hadi 70020 ukitoa kimoja, na vile 30 vya mwanzo havikutimia. Kampuni nyingine, Colas Rail, baadaye ilinunua vya aina hiyohiyo, lakini vyake vinaanzia 70801. Cha kwanza kati yake kiliungwa Eskişehir, Uturuki, kama kichwa cha majaribio. Nafasi ya 70012 hakuna aliyeipewa. Reli zina adabu hiyo: namba ikishaandikwa kwenye vitabu hairithiwi kirahisi, maana kuna hati za ukaguzi, za injini, za breki, zote zinaitaja.

Kuna mashabiki wanaokililia kana kwamba kilifia vitani. Mimi machozi yangu yana kipimo. Baadhi ya ndugu zake waliotua salama wamewekwa pembeni kwa miaka, wanasimama kwenye njia za kando wakipata kutu, huku vichwa vya zamani kuliko wao, Class 66, vikiendelea kuvuta. Na kwa kuangukia ngamani 70012 kilipata bahati ambayo vingine havikuipata. Mwezi Oktoba 1941 ndege za Kijerumani ziliilipua meli ya Uingereza iitwayo Thistlegorm katika Bahari ya Shamu, ikiwa na vichwa viwili vya mvuke juu ya sitaha. Mlipuko uliwarusha wote wawili, na mpaka leo wamekaa mchangani kila mmoja upande wake wa meli, wapiga mbizi wakiwapiga picha na samaki wakiingia kwenye boila. Wale hakuna fundi aliyeulizwa kama ataweka sahihi.

Ile transfoma sijui iliishia wapi baada ya kuondoka kwetu, karani akishafunga ukurasa basi. Ninachokumbuka ni slingi. Ilikuwa ya waya, nene kama mkono wa mtoto, na baada ya ajali tuliitandaza chini wote tukaizunguka. Haikukatika hata uzi mmoja. Ilikuwa imeteleza tu, na ukiniuliza mimi ilikuwa inafaa bado. Mzee foromani akaagiza gesi iletwe. Akasimama pale mpaka ikakatwa vipande vitatu, cheche zikiruka hadi kwenye viatu vyake, na hakuondoka mpaka kila kipande kilipopoa.

Kijana mmoja wa makuli akamwomba: "Mzee, nipatie kipande nikavutie gari bovu."

Mzee akavipima kwa macho, akasukuma kimoja kwa mguu. "Chukua hicho," akasema. "Hicho kifupi. Hakifiki popote."